Mguu wa Chuma wa Servais

Nyinyi mnaolea watoto huku ugenini, mnaoshtuka kila king'ora kikilia na kila bahasha ya serikali ikiingia sandukuni, kaeni kidogo mlisikie hili la Vumilia na binti yake Adela. Mtoto hakuwa na kosa. Mama ndiye aliyempenda mpaka akakaribia kumharibia kile alichokipenda, tena kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, akidhani anamkinga.

Vumilia aliishi Beltsville, nje kidogo ya Washington, na mumewe Mwita, mtu wa Tarime, katika nyumba za kupanga zinazotazamana na mashamba ya serikali, yale wanayofanyia utafiti wa mbegu na ng'ombe. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, la Bunda, na kazi yake kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwageuza, kumnyanyua mtu mzito kitandani asitetereke wala asiumie. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Ila akishatoka nje ya nyumba za wazee, nchi ilimtisha. Ombi lao la ukaazi lilikuwa bado halijajibiwa, na ilikuwa miaka ile baada ya ndege kugonga majengo, askari wamejaa vituoni na mabegi yanapekuliwa kila mlango. Alimfundisha Adela sheria zake mwenyewe. Usikimbie kwenye kituo cha treni. Usicheke mbele ya askari. Kitu kisicho chako usikiguse hata kwa mguu.

Sasa katika nyumba hiyo ya hofu, Adela, mwenye miaka kumi na mitatu, akarudi kutoka shule amebeba lidude mgongoni, ameinama kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Hicho nini?" Vumilia akauliza.

"Chelo, Mama. Ya shule. Wameniazima."

Huyu Adela husikia Kiswahili chote lakini hujibu Kiingereza. Hapa maneno yake tumeyaweka kwa Kiswahili ili twende pamoja. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Fidla hushikwa begani; chelo huketi sakafuni, unaikumbatia kati ya magoti na kuisugua kwa upinde. Chini ina mguu wa chuma, mwembamba, wenye ncha, unaovutwa kutoka tumboni mwake na kukazwa kwa skrubu. Ncha hiyo ndiyo inayokita sakafuni na kubeba uzito wote. Sauti yake ni nzito, kama ya mtu mzima anayezungumza taratibu chumba cha pili.

Vumilia aliisikia sauti hiyo jikoni akikata sukuma wiki, akaacha kukata. Tangu siku hiyo, Adela akianza kupiga, bomba la maji lilifungwa ili asikie.

Kilichomsumbua mwanzo kilikuwa magoti. Waswahili wa kule, Wakenya, Watanzania na Wakongo, walikuwa na ibada yao ya Kiswahili katika kanisa la kuazima mtaa wa Shaw, na Adela aliombwa apige wimbo wa sadaka. Akaketi mbele, akapanua magoti, akaikumbatia chelo yake. Minong'ono ikapita viti vya akina mama. Baada ya ibada Mama Leokadia, ambaye hakuna jambo lililompita, alimvuta Vumilia pembeni.

"Mama Adela, hiyo kitu haiwezi kupakatwa kwa ubavu? Mtoto wa kike, mbele ya mchungaji."

"Hata mimi nimeona."

"Basi kama umeona."

Jumapili iliyofuata Vumilia alikuja na kanga. Akamfunika mtoto kiunoni hadi vifundoni kabla hajagusa uzi hata mmoja. Kitambaa kikateleza, chelo ikateleza nacho, na wimbo ukatoka umepinda. Papa Zefania, mkuu wa kwaya, Mkongo wa Lubumbashi mwenye koti moja la kijivu la miaka yote, aliwangojea mlangoni.

"Mama Adela, iyo kitambaa utoe. Unafunika mutoto sawa vile meza."

"Papa Zefania, watu wanasema."

"Batu banasema. Servais naye walimusema. Unamujua Servais?"

Vumilia hakumjua. Adela naye hakumjua. Basi Papa Zefania akawaketisha kwenye ngazi za kanisa, akawapa habari ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa padri aliyemfundisha muziki zamani. Alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini alipofika kwenye jina hilo alivua kofia.

Adrien-François Servais alizaliwa mwaka 1807 Halle, mji mdogo wa Ubelgiji karibu na Brussels. Baba yake ndiye aliyemwanzishia fidla, na pengine angeishia kuwa mpiga fidla kama wengine. Siku moja akamsikia mwalimu mmoja akipiga chelo, na fidla akaiweka chini. Akaingia chuo cha muziki Brussels na haukupita muda akachukua zawadi ya kwanza. Paris walimshangilia. Urusi alikwenda na kurudi, akaenda tena, enzi za farasi na theluji, na huko, inasemekana, bibi mmoja wa ukoo mkubwa alimzawadia chelo iliyotengenezwa Italia mwaka 1701 na fundi Stradivari, ya umbo la zamani, kubwa kuliko tunazoziona. Waliomsikia walikosa pa kumweka, wakawa wanamlinganisha na wapiga fidla wakubwa, maana aliifanya chelo ipande juu na kuimba kama msichana, kisha ishuke na kunguruma. Vipande alivyotunga mpaka leo vinawatoa jasho wanafunzi. Alifundisha Brussels, akafa Halle mwaka 1866, na mji ule mdogo ukamsimamishia sanamu.

"Lakini hayo ni ya vitabu," Papa Zefania akasema. "Sikia sasa. Zamani chelo haikuwa na mguu. Mutu aliikamata na miguu yake, hapa, kwa mashavu ya miguu, akaibana sawa vile mutu anabana mbuzi. Servais alikuwa munene. Tumbo huku, chelo kubwa huku. Atafanya nini? Akaiwekea mguu, ikasimama yenyewe. Wengine labda walimutangulia kujaribu, lakini yeye ndiye walimwona nao, wakamufuata. Na banamuke, ambao waliambiwa wakae ubavu-ubavu kwa sababu ya heshima, wanasema wajuzi, ule mguu uliwafungulia mulango. Chuma kinabeba, mutu anacheza. Ule mguu wa chelo ya huyu mutoto, mama, njia yake inatoka kwa ule munene."

"Mbelgiji," Vumilia akasema, akimwangalia. Alijua Wakongo hawawasemi Wabelgiji kwa utamu.

Papa Zefania akacheka. "Huyu alikufa wenzake hawajafika kwetu bado. Sina kesi naye." Akavaa kofia. "Na ile chelo yake iko hapa hapa Washington. Kwa makumbusho. Treni tu."

Adela alikuwa ameshasimama.

Walikwenda Jumamosi, watatu, kwenye jumba kubwa la makumbusho ya historia katikati ya jiji. Mlangoni mlinzi alipekua mabegi, na kwenye mfuko wa Papa Zefania akakuta kisu kidogo cha kumenyea machungwa. Hakupiga kelele. Alimwambia kwa upole akitoe nje au akiache. Papa Zefania akaenda kukitupa pipani, akarudi akilalamika kwamba sasa machungwa atayamenya kwa meno. Lakini Vumilia alimwona mlinzi akiwatazama, wao watatu, na moyoni mwake akaona faili lao likichukuliwa juu ya meza fulani na kufungwa.

Huko juu, nyuma ya kioo, ndiko ilikokuwa ile chelo. Mbao za kahawia zenye wekundu, mabega mapana, kama mama mtu mzima aliyejikalia. Adela alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea hewani, vidole vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo.

"Alikuwa mnene kweli," Vumilia akasema polepole, akipima ukubwa wa ile chelo. "Mtu wa kuikumbatia hii na bado ikaimba."

"Mama," Adela akasema, bado anatazama kioo. "Kuna okestra ya vijana kule Arlington. Ukipita mtihani wao wanakupa mwalimu, na chelo wanakupa, unakaa nayo mpaka umalize sekondari. Ya shule inarudi mwezi wa sita."

"Na usipopita?"

"Basi inarudi."

Vumilia alikumbuka jiko lake na lile bomba la maji. Akasema, "Jaribu."

Miezi ikafuata ya kupiga na kurudia. Kanga iliacha kufunika magoti. Mama Leokadia alisema alichosema, akachoka. Mwita akirudi kazini alivua viatu mlangoni ili asikatize. Kwa mara ya kwanza Vumilia aliwaambia wazee wake wa kuogesha habari za binti yake, na akawaambia za yule mnene wa Halle pia, kana kwamba ni mjomba wa mumewe.

Mtihani ukapangwa Jumamosi. Hapo ndipo mama akaanza kupiga hesabu za njia. Gari Mwita angekuwa nalo kazini. Kwa hiyo ni treni ya kijani kutoka kituo cha Greenbelt, kubadilisha L'Enfant Plaza, kisha ya njano ivuke mto Potomac. Na ile ya njano, ikishavuka, husimama chini ya makao makuu ya jeshi, palepale palipogongwa na ndege. Askari wenye mbwa. Na mtoto mweusi mwenye sanduku refu mgongoni.

Kama ule mguu wa chuma wa chelo ungekuwa nje, unaonekana, pengine asingeogopa sana. Kilichomtisha ni kwamba unaingia ndani. Chuma chenye ncha, kirefu kuliko kisu cha Papa Zefania mara ngapi, kimefichwa tumboni mwa chombo. Kitu kilichofichwa utakielezaje? Kwa Kiingereza kipi? Alijiona amesimama na askari, akitafuta neno.

Angemuuliza Adela. Angempigia Papa Zefania. Au angemuuliza mfanyakazi yeyote wa kituo, maana watoto wenye chelo hupanda treni zile kila siku ya Mungu. Hakumuuliza mtu. Hili ndilo la kuwaonya: hofu ya mtu wa ugenini haiulizi, kwa sababu inaona hata swali lenyewe litaandikwa mahali.

Ijumaa mchana, Adela akiwa shule na chelo imebaki nyumbani, Vumilia alifungua sanduku. Aliilaza chelo mapajani kama anavyowalaza wazee wake, akalegeza skrubu, akauvuta mguu wa chuma taratibu mpaka ukatoka wote. Akaufunga kwa gazeti, akauweka kwenye droo ya vijiko vya upawa. Moyoni alisema ni Jumamosi moja tu. Mtoto atashika kwa magoti. Si ndivyo walivyoshika zamani? Papa Zefania kasema mwenyewe.

Asubuhi Adela alibeba sanduku bila kulifungua. Alikuwa ameshajizoeza kutosha na hakutaka kuzichokoza nyuzi. Treni ilipita chini ya makao makuu ya jeshi. Askari mmoja aliingia, akaliona lile sanduku, akamwuliza Adela, "Chelo?" Adela akaitikia kwa kichwa. Askari akasema dada yake naye anapiga, akashuka kituo kilichofuata. Ni hivyo tu.

Vumilia alitaka kusema wakati ule. Badala yake akahesabu vituo vilivyobaki.

Mtihani ulikuwa katika ukumbi wa shule moja Arlington. Mama mmoja mwenye beji alisema wazazi wabaki nje ya mlango. Adela alikuwa wa mwisho kati ya wapiga chelo. Wengine walishapiga na kuondoka na vyombo vyao. Mlango ulikuwa na kioo chembamba, na Vumilia aliweka jicho pale.

Alimwona binti yake akifungua sanduku. Akamwona akipeleka mkono chini ya chelo, kwa mazoea, bila kutazama, kuuvuta mguu. Mkono ukakosa. Ukapapasa. Adela akaigeuza chelo, akaona tundu tupu. Akainua uso na kutazama mlangoni moja kwa moja, kwenye kile kioo. Hakuhitaji kuambiwa. Alimjua mama yake.

Majaji walikuwa watatu nyuma ya meza. Mmoja, bibi mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliuliza kitu. Adela akajibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha ila ngazi za kanisa: akaibana chelo kwa mashavu ya miguu, akaipandisha, akaanza. Sauti ya kwanza ilitoka safi. Ya pili pia. Lakini yeye si mtu aliyelelewa na ubanaji ule. Chelo ikashuka kidogo, akaikamata, ikashuka tena, na upinde ukapotea njia. Akasimamisha. Akaanza upya. Ikashuka.

Vumilia alisukuma mlango.

"Mama, hairuhusiwi," yule mwenye beji akasema nyuma yake.

Vumilia akaendelea kwenda. Alijua sheria imevunjwa, na yeye ndiye aliyeivunja, mbele ya watu watatu wenye kalamu. Alifika katikati ya ukumbi, akavua kanga aliyojitanda mabegani, akaikunja mara nne, akapiga magoti sakafuni mbele ya bintiye.

"Mimi ndiye niliyeutoa," akawaambia majaji kwa Kiingereza chake. "Chuma. Mimi. Si yeye. Sasa nitashika mimi."

Bibi mwenye miwani akawatazama wenzake, kisha akawatazama mama na mtoto.

"Unaweza kuituliza?" akauliza.

"Ndiyo kazi yangu," Vumilia akasema.

Akaweka kanga viganjani na viganja juu ya paja lake, na kitako cha chelo kikakaa humo. Alipata uzito wake mara moja, kama anavyoupata uzito wa mzee anayetaka kuangukia kushoto. Akaisahihisha. Magoti ya binti yake yalikuwa huku na huku, usoni pake kabisa, yale yale aliyoyafunika mbele ya mchungaji, na hakuyaona kuwa kitu.

"Haya," akasema kwa Kiswahili. "Usinifikirie."

Adela akapiga.

Jikoni Vumilia aliisikia chelo kwa masikio. Sasa aliisikia kwa mifupa. Noti nzito ziliingia viganjani, zikapanda mikononi hadi kwenye meno. Noti nyembamba zilikuja kama mtu anayekwangua kwa ukucha upande wa pili wa ubao. Alielewa, pale sakafuni, alichofanya yule mtu mnene wa Halle. Alikuwa na sifa za kumtosha Paris na Urusi, na pamoja na sifa zote hizo akakumbuka kwamba kuna kitu lazima kikae chini, kibebe, kinyamaze, ili mkono uwe huru. Na walioufuata mguu ule hawakuwa wanene peke yao. Ulifika mpaka kwa mtoto wa Bunda na Tarime. Kisha mama mtu akaenda akauficha kwenye droo ya upawa.

Viganja viliuma. Hakusogea. Wimbo ulipanda, ukakaa juu, ukashuka, ukaisha, na mtetemo wa mwisho ulimalizikia mikononi mwake baada ya ukumbi kunyamaza.

Bibi mwenye miwani aliandika kitu. "Nani alikuambia unaweza kuipiga bila mguu?" akamwuliza Adela.

"Servais," Adela akasema. "Yaani, watu wa kabla yake. Yeye ndiye aliyeona haifai."

Yule bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haifai," akasema.

Kwenye treni ya kurudi Adela alikaa kiti cha mbele ya mama yake, akampa kisogo. Walivuka mto. Walipobadilisha treni alikaa tena vilevile. Karibu na Greenbelt ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Kila siku unaogopa. Ungeniuliza."

Vumilia hakujitetea. Aliangalia viganja vyake, vilivyokuwa na alama nyekundu ya duara katikati. "Sawa," akasema. "Nitauliza."

Watu wa okestra walipiga simu wiki iliyofuata. Amepata, akasema mwenye kupiga, lakini kiti cha nyuma kabisa, na itabidi afanye kazi sana, maana nusu ya pili aliharakisha. Mwita alifurahi kana kwamba ni kiti cha mbele. Papa Zefania alisema hata Servais alianzia mahali, na kwamba viti vya nyuma ndivyo vilivyo karibu na mlango wa chakula.

Adela hakucheka sana. Bado alikuwa na hasira yake na alikuwa na haki nayo. Nyinyi wenye watoto msidhani simu moja inafuta. Nafasi ilipatikana, naam, lakini kidogo tu ipotee, na haikuwa askari aliyekaribia kuipoteza, wala mbwa, wala faili la serikali.

Jioni hiyo mtoto, aliyekuwa hajaigusa chelo wiki nzima, aliingia nayo jikoni, akafungua droo ya upawa, akafunua gazeti. Akauingiza mguu wa chuma mahali pake. Kisha akamgeuzia mama yake chelo, upande wa skrubu.

"Kaza wewe," akasema.

Vumilia akafuta mikono kwenye kanga. "Nikaze mpaka wapi?" akauliza.

Na Adela akamwonyesha.